Maji yakitoka na wewe unatoka

"Wewe bara, maji yametoka huku, unalala mpaka saa ngapi?"

Hiyo ndo alamu yangu kila wiki ya bamvua, bahari inapokupwa mbali, tangu nihamie Jambiani, kijiji cha pwani huku Unguja, mwaka na miezi kadhaa sasa. Jirani yangu ni bi mkubwa mmoja, umri wake sitini na kitu hivi, anapita nje ya dirisha langu kwenye saa mbili asubuhi na ndoo mkononi na kamba zake za mwani, yale majani ya baharini wanayolima huku, begani, ananipigia kelele hiyo halafu hageuki hata kuangalia kama nimeamka, anaenda zake. Na mimi naamka. Kule Mbagala nilikuwa na alamu tatu kwenye simu na kadi ya jim niliyoilipia miezi sita nikaenda mara nne, na hiyo ya nne nilikwenda kuchukua taulo langu, lakini sauti ya huyu mama haina pa kubonyeza ikanyamaza.

Naandika hii kwa sababu kila nikivuka kwenda Dar naulizwa swali lile lile, aisee umepungua, unafanya mazoezi gani? Nikisema sifanyi mazoezi yoyote wanaona nawaficha, kama vile kuna dawa nakunywa. Halafu inakuja ile sentensi nyingine, "mna raha nyie wa kisiwani". Sasa hapo ndo pananishika, maana hiyo raha ya kisiwani, ya kuishi nje nje, baharini asubuhi, baiskeli mchana, kaiti jioni (ule mchezo wa kuteleza majini na ubao ukivutwa na tiara kubwa), dafu mkononi, siku hizi ni biashara kubwa kweli kweli. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki saba, na kuna wengine hawaji kutembea tu wanakuja kukaa, kuna miradi ya nyumba ambayo mgeni akinunua kuanzia dola laki moja anapata na kibali cha ukaazi juu yake. Mtu anatoa dola laki moja ananunua nini hasa? Bahari? Bahari iko hata Kigamboni, pantoni ni buku lako na chenji inabaki.

Mimi naona wanachokitafuta ni ratiba, ila hawajui kama ni hiyo, na mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipoishi.

Ngoja nieleze. Huku pwani ya mashariki ya Unguja bahari haikai sehemu moja. Maji yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kila siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti ya juu na chini inaweza kufika mita nne, na siku hizo maji yanakuwa yametoka kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Katikati ya hapo ndo maji mafu, bahari inapanda kidogo inashuka kidogo kama mtu mvivu, na wiki hiyo shughuli nyingi za pwani zinapoa. Watoto wa hapa wanajua hayo bila kufundishwa, mtoto wa darasa la pili ukimuuliza maji yanatoka saa ngapi kesho anakujibu papo hapo, mimi na digrii yangu ilibidi nipakue programu kwenye simu.

Sasa fikiria mtu unayefanya kazi kwa laptopu kama mimi (nashika mahesabu ya maduka mawili ya Dar, kazi ya kukaa), ghafla nje ya dirisha kuna kitu kinachofunguka na kufungwa kama duka, na hakikusubiri. Ukichelewa saa moja mwamba umeshafunikwa, pweza wako kaenda, uwanja wa mpira wa mchangani umeshakuwa bahari. Kwa hiyo unatoka. Hujiulizi kama una mudi. Bosi wangu mpaka leo hajui kwa nini siku fulani fulani za mwezi nikipigiwa saa nne asubuhi kunasikika upepo, mwambieni tu kwamba feni yangu mbovu.

Na juu ya ratiba ya maji kuna ratiba ya pili, ya upepo. Kaskazi inashika kuanzia Disemba hivi mpaka Machi, kusi inakuja katikati ya mwaka kwenye Juni mpaka Septemba, na hapo katikati kuna masika ambapo barabara za ndani zinakuwa madimbwi na kila mtu anakumbuka kwamba ana nyumba. Wacheza kaiti wa Paje, kijiji jirani, wanaishi kwa kalenda hiyo kabisa, upepo ukikata vyumba vinapungua watu. Wavuvi wa ngalawa wameishi kwa kalenda hiyo hiyo kabla Paje haijajulikana na mtu, wakati wa upepo mzuri wanatoka na tanga, ukiwa wa mbele wanabisha, wanakwenda huku wanarudi kule mpaka wafike, ukifa kabisa wanasukuma kwa upondo, ule mti mrefu. Ukimwangalia mzee anayesimama juu ya ngalawa anasukuma upondo kwenye maji ya kiunoni kwa nusu saa utaelewa kwa nini mgongo wake umenyooka hivyo, hakuna mwalimu wa yoga anayefundisha kile kitu.

Safari ya mwambani ilivyo ni hivi. Kutoka nyumbani kwangu mpaka mwamba mkubwa pale mawimbi yanapopasukia ni kama kilomita moja na nusu, maji yakiwa yametoka. Mwanzo ni mchanga mgumu wenye mikunjo mikunjo inayokuchoma nyayo, halafu yanakuja majani, unateleza, halafu mashamba ya mwani, safu za vijiti na kamba, hapo unapita pembeni usikanyage jasho la mtu, halafu maji ya magotini, halafu mawe. Ni kama dakika arobaini kwenda kama hukimbii, na kila hatua mguu unatafuta pa kukaa, kifundo kinafanya kazi, tumbo linafanya kazi, macho yako chini. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiwango cha wastani, basi kwenda na kurudi mara mbili tu hapo umeshazimaliza na bonasi, na hujahesabu hata mara moja, ulikuwa unatafuta pweza.

Mara ya kwanza nilikwenda na viatu vya wazi. Nikakanyaga ule mnyama mweusi wa miiba, nikarudi nachechemea kilomita nzima huku vijana wawili wa kuchokoa pweza wakinicheka kwa adabu, wananipa pole na kucheka hapo hapo. Bi mkubwa akanikalisha barazani, akakata papai bichi, akanipaka ule utomvu mweupe kwenye nyayo, akaniambia "sasa ushakuwa mwenyeji". Kesho yake asubuhi nikasikia dirishani, wewe bara, maji yametoka.

Sasa kuna watu watasema basi ni kisiwa, kisiwa kina hewa, kina samaki, kinaamsha mwili. Hapana jamani. Kuna kisiwa kinaitwa Nauru kule Pasifiki, nchi huru tangu 1968, ukubwa wake kilomita za mraba 21, barabara ya kuzunguka kisiwa kizima haifiki hata kilomita 20. Bahari pande zote, jua, minazi, kila kitu unachokiona kwenye picha. Walikuwa na fosfeti, madini ya mbolea, wakaichimba, wakapata hela nyingi mno kwenye miaka ya 70, ardhi ya katikati ikabaki mawe matupu hailimiki, chakula kikawa cha kopo kutoka nje, gari kwa kila nyumba, kwenda baharini kuvua ikawa haina haja tena. Leo zaidi ya nusu ya watu wazima wana unene uliopitiliza na kisukari ni tatizo la taifa, wakati bahari yao iko pale pale ilipokuwa.

Okinawa ndo mfano mwingine, na huu unauma zaidi kwa sababu Okinawa ndo kisiwa ambacho dunia nzima ilikitumia kama mfano wa watu wanaoishi miaka mingi, bibi wa miaka tisini yuko kwenye bustani yake anapalilia. Marekani ikakaa pale kuanzia 1945 mpaka 1972, kambi za jeshi zipo mpaka leo, yakaja magari na vyakula vya haraka, na takwimu za mwaka 2000 zilipotoka wanaume wa Okinawa walikuwa wameporomoka mpaka nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa umri wa kuishi. Wajapani walishtuka kweli. Bibi alikuwa bado bustanini, mjukuu alikuwa kwenye gari.

Kwa hiyo ukiniuliza, kisiwa peke yake hakina uchawi wowote. Kinachofanya kazi ni kwamba mwili una kitu cha kwenda kufanya nje, na kitu hicho kina saa yake, na wenzako wote wanaenda. Hata hapa hapa Unguja unaona, nenda mjini, mtu anaishi Michenzani, si mbali na bahari, na anachukua bodaboda kwenda sokoni Darajani hapo jirani. Kisiwa ni kile kile, urefu wake kilomita 85 hivi kutoka kaskazini mpaka kusini, ila maji yanatoka saa ngapi hilo mtu wa mjini halimhusu. Ndo maana mjini wameanzisha vikundi vya mazoezi, na tarehe 1 Januari Zanzibar nzima ina siku yake ya mazoezi ya viungo, watu kwa vikundi na fulana zao wanatembea asubuhi na viongozi wakiwa mbele. Nzuri sana, mimi naiunga mkono, ila kama kisiwa kinahitaji siku ya kitaifa ya kuwakumbusha watu kutembea basi kuna kitu kimeshaondoka.

Wanaonifurahisha mjini ni wale vijana wa makachu pale Forodhani. Jioni maji yakijaa wanakimbia wanajirusha kutoka ukutani, wanajikunja hewani, mmoja anaruka na nguo zake zote, umati unapiga kelele na simu ziko juu. Hawa hawakulipia ada popote. Wana ukuta, wana maji, wana watu wa kuwatazama, na saa ya maji wanaijua.

Lamu nayo niitaje kidogo kwa sababu niliwahi kukaa wiki mbili. Mji wa kale ule njia zake ni nyembamba hata gari likitaka haliingii, kwa hiyo watu ni miguu na punda na boti, na kutoka mjini mpaka Shela ni kama dakika arobaini ufukweni. Nilitembea wiki mbili bila kufikiria kama natembea. Bodaboda zimeanza kuingia kisiwani kule na wenyeji wanagombana kuhusu hilo, na mimi mgeni wa wiki mbili sina haki ya kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa asipande bodaboda ili mimi nione kisiwa cha picha.

Na hapo ndo tunafika kwenye upande ambao haupigwi picha.

Kilimo cha mwani kilianza huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Ukimwona bi mkubwa kutoka mbali, kanga inapepea, maji ya bluu, unaweza kusema haya ndo maisha. Msogelee. Ameinama kuanzia maji yanapotoka mpaka yanapomfikia kifuani, anafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba kwa vitanzi vidogo, mamia, chumvi imemtafuna vidole, macho mekundu kwa jua linalopiga maji na kurudi usoni. Baada ya wiki sita hivi anavuna, anajaza gunia la mwani mbichi linalotiririka maji, anajitwisha. Na bahari imeanza kuwa ya moto, ile aina yenye bei nzuri, kotonii, huku maji madogo inakufa, amebaki na ile nyingine ya bei ndogo. Mwili wake umefanya kazi ya nje maisha yake yote na magoti yake yamechoka, akipanda ngazi tatu za baraza langu anashika ukuta.

Maji yale yale ya Paje kuna mtu analipia dola mia kadhaa afundishwe kaiti siku tatu. Kaiti zinataka eneo wazi, vijiti vya mwani vinataka utulivu, vinagombania maji, na mara nyingi anayehama ni mwenye vijiti. Kusema kweli kuna vijana wa hapa wamekuwa walimu wazuri mno wa kaiti, wanarusha mpaka unaogopa kwa niaba yao, wanakula kwa kazi hiyo na wanaipenda, siwezi kusema kaiti imekuja na ubaya tu. Ninachosema ni kwamba mmoja akitoka majini anasema leo nimefanya mazoezi, mwingine anasema leo nimefanya kazi, na wote wameloa. Na vile vichochoro vya kwenda pwani, kijiji kilikuwa navyo vingi, kimoja nilichokuwa napita nilipofika kimeshazibwa na ukuta wa hoteli, sasa nazunguka dakika kumi na mbili kuifikia bahari ninayoiona.

Jambo jingine, kuogelea. Mimi nilidhani mtu wa kisiwani anazaliwa anajua. Wavulana ndiyo, wengi wanajua, wanajifunza wenyewe kwa kusukumana majini. Wasichana wengi walikuwa hawafundishwi, kwa sababu ya stara na kwa sababu hakuna wa kuwafundisha, mtu analima mwani miaka ishirini na maji yakimfika shingoni anaogopa. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama usiku ikienda Pemba, mamia ya watu wakafa, na tangu hapo hakuna mtu hapa ambaye hilo swali la kuogelea halimgusi. Kule Nungwi mradi wa Panje ulianza kufundisha wasichana kuogelea na mavazi yanayositiri mwili wote, walimu wanawake, wazazi wakakubali taratibu. Ukiniuliza mimi kitu gani kingeongezwa kwenye maisha ya nje ya kisiwa hiki kabla ya baiskeli za kukodi na mbao za kusimamia majini, nitakwambia hicho, kila skuli ya pwani iwe na somo la kuogelea, kwa watoto wote, wiki za bamvua jioni maji yakiwa yamejaa.

Kuhusu baiskeli zenyewe, nilinunua moja nzuri, ya gia, nikaja nayo kwenye boti kwa mbwembwe. Miezi mitatu mnyororo ukawa rangi ya chai. Fundi wa kijijini akaiangalia, akaniuliza kama naipenda sana, nikasema ndiyo, akasema basi irudishe Dar. Sasa natumia ile nzito ya kizamani isiyo na gia, niliinunua kwake huyo huyo fundi, nadhani alikuwa ameshapiga hesabu hiyo tangu mwanzo.

Je nashauri watu waje? Waje, mbona mimi nimekuja. Ila ukija ukakaa kwenye nyumba yenye geti na bwawa la kuogelea mbele ya bahari, ukaletewa samaki mlangoni, ukaendesha gari kwenda kunywa kahawa Paje ambako ungefika kwa miguu ufukweni, utakuwa umehamisha Masaki, mtaa wa wenye nazo wa Dar, ukaileta tu kwenye upepo, na kilo zako utarudi nazo. Tafuta shughuli ambayo usipokwenda kuna mtu atauliza mbona hukuja. Mimi naombwa kushika upande mmoja wa gunia. Ni kazi ndogo, hainilipi, na ndo iliyonitoa kitambi kuliko kadi yoyote.

Juzi tulikuwa tunarudi, gunia katikati yetu, maji yameanza kutufuata nyuma, nikamuuliza bi mkubwa hivi mama, miaka yote hii kwenda na kurudi huku, hupendi lakini? Hewa hii, bahari hii, mwili kuwa mwepesi?

Akasimama, akatua upande wake, akanitazama kama aliyeulizwa na mtoto.

"Mwanangu, pangekuwa na bodaboda ya mpaka mwambani ningepanda."

Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka. Halafu akainama akashika gunia, akaniambia kesho nisichelewe, maji yanatoka saa tano kasoro dakika kumi.